Herufi za Matangi Meusi

Wilaya ya Hanang ilipotolewa Mkoa wa Arusha na kuingizwa kwenye mkoa mpya, mimi ndiye niliyebadilisha jina la mkoa kwenye mabango mengi ya Katesh. Sisemi yote. Kulikuwa na mwenzangu upande wa stendi aliyebadilisha ya shule mbili na ya kituo cha mafuta, na lile la kituo cha mafuta alilifanya vizuri kuliko ambavyo ningelifanya mimi. Lakini mengi ni yangu. Nilikuwa nafunika neno ARUSHA kwa rangi nyeupe mara mbili, naacha ikauke, halafu naandika MANYARA juu yake. Arusha ina herufi sita na Manyara ina saba. Namna ya kubana herufi saba mahali pa sita bila mtu kugundua kwamba zimebanwa, hiyo hakuna aliyenifundisha. Niliipata mwenyewe kwa kukosea.

Nimeishia darasa la saba. Ninaandika daftari kila siku tangu nilipooa, si kwa sababu nina mambo makubwa, ila kwa sababu siamini kichwa changu. Nikikumbuka jambo, nakuta nimejipendelea. Kwa hiyo kabla ya kuandika haya nimeyafungua madaftari ya wakati ule, na pale ambapo daftari halisemi kitu nitasema sijui.

Kazi ya mabango niliianza biashara ilipoachiwa huru. Kabla ya hapo duka lilikuwa moja la ushirika, na kila mtu alilijua bila kuandikiwa. Baadaye yakaja maduka ya watu, mashine za kusaga, saluni, maduka ya dawa za mifugo, na kila mwenye nacho alitaka jina mlangoni. Niliandika kwenye mbao, kwenye bati, kwenye kuta za udongo zilizopigwa chokaa. Rangi ya mafuta inashika vyote hivyo ukiandaa vizuri. Fundi aliyenifundisha, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na neno moja tu: futa, halafu futa tena. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha kitambaa chenye petroli kabla tu ya kupaka. Nililishika neno hilo kama sala.

Kisha ikaja plastiki.

Mwanzoni ilikuwa ndoo na madumu. Mtu anakuletea dumu la mafuta ya alizeti umwandikie jina, unaandika, anaondoka amefurahi, wiki ya pili anarudi na dumu halina kitu. Rangi imetoka nzima nzima kama ngozi ya nyoka. Nilijaribu kukwaruza kwa msasa. Nilijaribu thina. Mwenzangu wa stendi, tena bila kinyongo, alinielekeza kupitisha moto wa jiko la mafuta haraka haraka juu ya plastiki, na kwa ndoo moja ilisaidia kweli. Ndoo ya pili niliiyeyusha. Nikaanza kukataa kazi za plastiki. Nilikuwa nasema nina kazi nyingi. Sikuwa nazo.

Matangi ndiyo yaliyonibana. Kamati ya maji ya vijiji vya upande wa Basotu ilipata matangi sita meusi ya plastiki, ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule na zahanati. Mwenyekiti wa kamati, mzee mfugaji mwenye sauti ndogo na maneno makali, alitaka kila tangi liandikwe jina la mahali, wilaya na mkoa, kwa sababu wafadhili wangekuja kupiga picha. Nilipaswa kukataa. Ila ilikuwa ni MKOA WA MANYARA, na mimi nilikuwa najiona kama mwenye neno hilo. Nikakubali. Nikaandika tangi la kwanza pale kwenye stoo ya shule, na kwa macho lilikuwa zuri.

Siku kumi na mbili baadaye nikaitwa. Nilimkuta mwenyekiti ameketi kwenye kiti karibu na tangi, na mapajani ameweka kipande cha gazeti. Ndani ya gazeti alikuwa amenikusanyia herufi zangu. Nyingine zilikuwa hazijavunjika hata kidogo.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanipa gazeti.

"Chukua mali yako, fundi," alisema. "Tumeiokota kabla mbuzi hawajaila."

Wanakamati walicheka, na mimi nikacheka kidogo kwa sababu nilikosa pa kuweka uso. Akaendelea kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. Alisema Arusha kuna watu wanachapa maandishi ya kubandika kwa mashine, na kamati imepanga kuagiza huko baada ya mavuno ya ngano. Kama kabla ya hapo naweza kuandika neno moja likakaa, nitaandika matangi yote. Kama siwezi, waagize. Nami nilijua kwamba kamati moja ikishaagiza, zahanati itaagiza, shule zitaagiza, na mabango yangu ya mbao yatakuwa ya mwisho kunyeshewa. Sikuwa mtu wa jembe. Nilikuwa na mkono wa kuandikia, basi.

Binti mmoja alinijia siku ya mnada Katesh. Wazazi wake ni wakulima wa Mogitu. Mama yake alikuwa amesikia habari ya herufi za kwenye gazeti, maana habari hiyo ilifika Mogitu kabla mimi sijafika nyumbani. Binti alikuwa anasomea mambo ya umeme na gesi huko ng'ambo, karibu na kumaliza, na alikuwa amekuja likizo na kisanduku chenye ukubwa wa redio. Alipiga goti nusu, akaniamkia, nami nikaitikia marahaba nikidhani anataka kuandikiwa mlango.

Aliniambia anatafuta plastiki inayokataa rangi. Nilimwambia amefika.

Alirudi kesho yake na kisanduku, mtungi mdogo wa gesi ile ya mafundi wa kuchomelea aluminiamu, na bomba la kioo lisilozidi unene wa kalamu lililofungwa kwenye mpini. Tulichomeka umeme kwenye kibanda changu. Gesi ilitoka inanong'ona, halafu kwenye ncha ya kioo ukatokea mwali mwembamba wa rangi ya ua la viazi, urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Akaweka kidole chake mwenyewe ndani ya mwali. Nilirudi nyuma. Akaniambia niweke changu. Nilifikiri sana, nikaweka. Haukuunguza. Ulikuwa kama mtu anakupulizia kwa mbali, na ndani ya pumzi hiyo kuna mchwa wanatembea.

Alisema ile ni gesi iliyotiwa umeme mpaka ikawaka, ila imewaka bila joto. Wao huiita plazima baridi. Kisha akanionyesha jambo ambalo nimelieleza kwa watu mara nyingi, na kila mara nahisi nimeacha kitu. Aliusogeza mwali kwenye kifuniko cha bati. Ulijivuta ukawa uzi mmoja mkali, ukapiga mahali pamoja, ukalia. Akausogeza kwenye kipande cha dumu. Ulipogusa plastiki ulitandaa. Ulienda pande zote kama maji yaliyomwagwa kwenye meza, ukawa kisahani cha mwanga chenye pete pembeni.

Alinieleza kwamba bati linaupitisha umeme, kwa hiyo ukifika unapata njia ya kwenda zake. Plastiki haipitishi. Umeme ukifika hauna pa kwenda, unakaa palepale juu, na ule unaokuja nyuma unakuta nafasi imejaa, unasogea pembeni kutafuta pengine. Ndiyo maana unatandaa. Nao unapotandaa, zile chembe zilizowashwa za gesi na hewa zinaibadilisha ngozi ya juu ya plastiki, nyembamba sana, kiasi kwamba ile inayokataa rangi inaanza kuipokea. Ndani plastiki inabaki ileile. Nilimuuliza kama ni sawa na ule moto wa jiko la mafuta. Akasema fundi wa stendi hakukosea, moto nao hufanya kitu cha jamaa hiyo, ila unaunguza na hauelekezeki. Nilifurahi kusikia hivyo na siku ileile nilikwenda kumwambia mwenzangu.

Kwake yeye jambo lilikuwa hili. Huko anakosoma, kila kitu hufanywa ndani ya chumba kisafi. Alitaka kuona kama inafanya kazi mahali penye upepo na vumbi, kwenye plastiki iliyokwisha kukaa juani, na alikuwa na majuma saba tu kabla ya kurudi. Nilimweleza habari za mwenyekiti. Akasema twende Basotu.

Tulikwenda na lori la magunia. Ulikuwa wakati wa kuvuna ngano, baridi na upepo mkavu, na mashine za kuvunia zilikuwa zinainua vumbi la makapi mpaka ukilitazama jua unaliona limepauka. Kamati ilitupa jenereta. Tulichagua tangi la pili, neno moja tu: MANYARA. Nilichora mipaka ya herufi kwa chaki, yeye akapitisha mwali ndani ya mipaka, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Alisema ni yeye apitishe kwa sababu anajua mashine. Mimi nilimfuata nyuma na brashi.

Hapa ndipo nilipokosea. Nililoandika jioni ile daftarini ni hili, nanukuu mwandiko wangu mwenyewe: "Vumbi linarukia palipopita taa kuliko pengine. Linajipanga kama mizizi ya mti. Nimefuta kwa petroli kila herufi. Petroli imeisha kwenye Y A. Mbili za mwisho nimepuliza kwa mdomo." Ndivyo ilivyokuwa. Umeme uliokaa juu ya plastiki ulikuwa unayaita makapi, nayo yalikuja yakajichora matawi matawi juu ya herufi zangu. Niliyaona machafu. Binti wakati huo alikuwa ameinama upande wa pili wa jenereta akipima gesi. Sikumuuliza. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye kitambaa. Futa, halafu futa tena.

Siku ya sita mwenyekiti alituma mtu na baiskeli mpaka barabarani, na huyo akapata lori, na habari zikatufikia Katesh. Tulipofika Basotu tulikuta neno MANYARA limebaki RA. Herufi tano za mbele zilikuwa zimetoka kwa kubandikiwa selotepu na kuvutwa. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile.

"Mkoa wetu umepungua," alisema. "Hata Arusha hawakutuonea hivi."

Binti hakucheka. Alizigusa zile herufi mbili zilizobaki, akazibandikia selotepu, akavuta, hazikutoka. Akasema pengine mwanzoni mkono wake ulikuwa haujazoea, au gesi ilikuwa imeingiwa na hewa. Tukapanda lori kurudi. Aliposhuka Mogitu aliniambia atamwandikia mwalimu wake kwamba nje ya chumba njia hii haikushika, na kwamba ameniponza, nimsamehe. Mtu niliyemzidi zaidi ya miaka ishirini, ananiomba mimi msamaha.

Nilifika nyumbani nikafungua daftari, si kwa kutafuta kosa, ila kuandika ya siku hiyo. Nikafungua nyuma kidogo. Nikasoma ule mstari wa petroli. Nikahesabu herufi kwa kidole: M, A, N, Y, A. Tano zilizofutwa. R, A. Mbili zilizopulizwa.

Nataka kusema kweli kuhusu nilichokifanya baada ya hapo, kwa sababu watu wanaponisifu huwa wanaruka sehemu hii. Sikuondoka siku ile. Wala siku iliyofuata. Nilijiambia pengine si petroli, mimi si mtaalamu, na mtu wa darasa la saba hawezi kumwambia mtu wa chuo kikuu kwa nini mashine yake imeshindwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya ndani ni kwamba kosa likiwa la mashine, mimi nilikuwa bado fundi aliyebahatika vibaya. Likiwa la kitambaa, nilikuwa fundi aliyeharibu kazi kwa mkono wake mbele ya kamati nzima, na maneno ya Arusha yangeagizwa wiki hiyohiyo. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna aliyeniona nikifuta.

Mke wangu aliniona naufungua ukurasa uleule mara tatu. Yeye hasomi madaftari yangu, ni makubaliano yetu. Aliniuliza kama kuna mtu amekufa humo. Nikamwambia hapana, kuna herufi tano. Akaniambia niende nikazizike basi, chai inapoa. Hakujua alichosema, lakini nilivaa koti.

Kutoka Katesh mpaka kwao Mogitu nilikwenda kwa miguu, kwa sababu nilitaka njia iwe ndefu. Nilimkuta yule binti anachambua maharage na mama yake. Kile kisanduku kilikuwa kimeshafungwa kamba. Nilikaribishwa maziwa, nikayashika bila kunywa, nikampa daftari likiwa limefunguliwa.

Alisoma. Akasoma tena. Kisha akauliza taratibu kama nilifuta kwa petroli kabla ya mwali au baada.

"Baada," nilisema. "Kila herufi. Ndivyo nilivyofundishwa, mwanangu. Mashine yako haina kosa. Kosa ni mimi."

Nilingoja aniseme. Alibaki ameshika daftari kwa mikono miwili, halafu akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na mama yake akaniangalia kama nimemroga. Aliposhika pumzi alisema ile ngozi mpya ya plastiki ni nyembamba mno, na petroli ya kwenye kitambaa imeikokota na kuacha mafuta mahali pake. Na kwamba zile mbili za mwisho, ambazo yeye alizihesabu kuwa bahati, ndizo jibu lenyewe: katikati ya makapi na upepo, pasipofutwa, pameshika.

"Fundi, ningeandika uongo," alisema. "Ningeandika uongo na kuweka jina langu."

Halafu akanigombeza. Nafikiri alikuwa na haki. Aliniambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba siku mbili nilizokaa nalo hilo jambo alikuwa amekwisha kuandika nusu ya barua. Nilisema pole. Nikanywa maziwa.

Kwa mwenyekiti ilikuwa ngumu zaidi, maana pale kulikuwa na watu tisa. Nilisimama nikaeleza kitambaa, petroli, herufi tano na mbili. Nilipomaliza, mwenyekiti aliuliza:

"Kwa hiyo mashine ni nzima, fundi ndiye mbovu?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na hakuna aliyekuona?"

"Hakuna."

Mama mmoja wa kamati, mwenye duka la soda pale Basotu, alisema maneno ya kubandika yaagizwe, tumechoka kuitwa mikutano ya herufi. Sikumlaumu, na hata sasa naona alisema jambo la maana. Wengine wakamuunga mkono. Mwenyekiti aliwasikiliza wote. Mwisho akasema mtu anayekuja kwa miguu yake kusema kosa ambalo hakuna aliyeliona, huyo akimwambia rangi imeshika atamwamini bila selotepu. Tukapewa mara moja tena, neno moja kwenye tangi la tatu, na siku ya mwisho ikatajwa.

Sasa kulikuwa na shida ya vumbi. Kufuta ni mwiko, na makapi bado yanakuja. Binti aliwaza kufunga tangi ndani ya turubai, lakini turubai lenyewe ni plastiki, lilijaa vumbi kabla hatujamaliza kulikunjua. Hapo ndipo nilipotoa wazo, na ni langu kweli, nimeangalia daftari. Kwenye mashine ya kusaga ya Katesh, yule msagaji anayechukia unga kumfikia mezani hutundika magunia ya katani yaliyoloweshwa. Nilisema tutundike magunia yenye maji kuzunguka tangi zima kama choo cha shambani. Wazo la msagaji, basi. Kulileta pale ndiko kwangu. Tuliyatundika. Vumbi likafa kwenye magunia. Binti alisema zaidi ya hapo, hewa yenye unyevu inausaidia umeme uliokaa juu ya plastiki kuondoka taratibu, hivyo hata makapi yaliyopenya hayaitwi tena kwa nguvu. Hilo mimi sikulijua. Nililipata bure.

Tukaingia ndani ya magunia wawili. Aliwasha, akaanza herufi ya M, na nilimtazama mkono. Sikuwa nimeutazama mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupaka. Ulikuwa unakwenda, unasita, unakwenda. Kwenye kona ulikuwa unakaa. Kisahani cha mwanga kilikuwa kinavimba na kusinyaa kadiri ncha inavyosogea na kurudi. Mtu wa mabango anajua mkono wa namna hiyo. Ndio ninaousahihisha kwa wanaojifunza. Sikujua kama ninaruhusiwa kusema. Nikasema.

Akaniangalia, akanipa mpini.

Niliomba tusitumie chaki, kwa sababu chaki nayo ni vumbi. Tulinyoosha nyuzi mbili tu, ya juu na ya chini, zisiguse plastiki. Nikashusha pumzi kama nifanyavyo kabla ya mstari mrefu. Mwali ulipotandaa kwenye plastiki, niliusoma kama ninavyosoma rangi ikitoka kwenye brashi: ukikaribia mno unabanwa, ukienda mbali unakonda, na kuna kimo kimoja ambapo ile pete ya pembeni inatulia. Niliushika hapo. Nikaandika M kwa mwanga. Nikaandika A. Kila mstari niliupitia mara nne, pamoja na kona, bila kukaa. Sikuwa naona nilichoandika, maana mwanga ukishapita plastiki inabaki nyeusi ileile. Nilikuwa naikumbuka N ilipoishia kwa kiwiko, si kwa jicho. Binti alikuwa ameshika saa, anaandika. Nikainua mpini kwenye A ya mwisho.

Alisema amepima kila mstari, na mirefu yote imechukua muda uleule, kiasi kwamba alidhani saa imesimama.

Kabla ya rangi alitaka kuona. Alichukua kinyunyizio cha maji safi, akawaita kamati wasogee, akafungua gunia la mbele. Mwenyekiti alikuja mbele kabisa. Tangi lilikuwa jeusi, tupu. Binti akanyunyiza.

Kwenye plastiki maji yalijikunja vidonge vidonge, yakateleza chini kama yanavyofanya siku zote. Lakini mahali nilipopita hayakujikunja. Yalilala. Yalitandaa bapa, yakang'aa, na pembeni yake vidonge vikaanguka, na pale mbele yetu, bila tone la rangi, lilisimama neno MANYARA, herufi saba, zilizokaa sawa, hakuna iliyobanwa.

Mwenyekiti alilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtu anayejifunza kusoma. Yule mama wa duka la soda alisogeza kidole akitaka kugusa, na mimi, binti na mwenyekiti tukamzuia kwa pamoja. Ndipo watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama na mpini mkononi. Sijui kueleza vizuri nilivyojisikia, na daftari la siku hiyo lina mstari mmoja tu: "Leo nimeandika." Miaka yote nilikuwa nadhani mkono wangu ni wa rangi na mbao, na kwamba ulimwengu ukihama kwenda kwenye vitu vingine utauacha. Kumbe mkono ulikuwa wa kuandika tu. Unaweza kuandika kwa chochote.

Maji yalipokauka yenyewe nilipaka. Sikufuta. Mkono ulikwenda mfukoni kwenye kitambaa mara mbili, na mara mbili nikaurudisha.

Tulingoja siku ishirini. Mwenyekiti alisema hatahitaji selotepu, lakini alileta selotepu, na ukucha, na mwisho kisu cha mfukoni kwa upande wa mgongo. Neno lilikaa. Akaliacha, akaniambia niendelee na matangi yote sita, maneno yote. Binti alikuwa amebakiwa na siku tisa. Aliniachia mimi mpini siku zote tisa na yeye akashika saa na daftari lake, na tukamaliza la sita asubuhi ya siku aliyosafiri. Katika maandishi yake, nakala aliyonitumia baadaye, kuna mahali panaposema kwamba herufi tano zilifutwa kwa petroli na fundi mwenyewe ndiye aliyegundua na kueleza. Ameandika pia kuhusu mkono. Nilimwomba aongeze msagaji na magunia yake, na fundi wa stendi na moto wake. Wa magunia aliongeza. Wa stendi alisema hapakuwa na nafasi, nami nimeona niandike hapa.

Jambo la mwisho nalieleza kwa aibu kidogo. Waandishi wa mabango huwa tunaweka jina letu dogo kwenye kona ya chini. Mimi sikuwahi. Siku zote niliona kazi haijafikia hapo. Kwenye tangi la sita, binti alipokwenda kuzima jenereta, mwali ulibaki kwa dakika chache, nami nikainama nikaandika jina langu kwenye kona kwa mwanga, dogo, bila kulipaka rangi. Halikuonekana. Nilifikiri hiyo inanitosha.

Mvua za kwanza zilipoanza, mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa amepata simu, alinipigia.

"Fundi," alisema, "tangi la zahanati limeandikwa na maji. Kuna jina la mtu hapa chini. Likikauka linapotea, likilowa linarudi. Watu wanaogopa kuchota."

Nikamwambia ni jina langu, asiwaogopeshe watu, litafifia lenyewe baada ya muda. Akaniuliza kwa nini sikupaka. Nikasema sikuona kama inastahili. Akaniambia nije na brashi.

Nilimweleza kwenye simu kwamba huenda rangi isishike, mahali pale pameshakaa wazi miezi, pamepigwa na jua na vumbi, siwezi kumhakikishia. Akasema nije tu. Nilikwenda siku ya pili, nikangoja mvua ikatike na tangi likauke, nikapaka nikifuata kumbukumbu ya kiwiko, huku yeye amesimama nyuma yangu na mwavuli ambao haukuhitajika tena. Herufi ya kwanza ilibanduka mwaka uliofuata. Nyingine zote zipo.